Jinsi ya kubishana mpira, muziki na muvi kijiweni Tanga mpaka watu wakusikilize

Wadau, leo naandika kitu nachokipenda kuliko vyote, ubishi wa kijiweni. Sio ule wa kutukanana kwenye simu, nasema ule wa Ngamiani kuanzia magharibi mpaka isha, watu wako kwenye benchi na wengine kwenye ngazi za baraza, muuza kahawa na dele lake, kashata kwenye sahani, na mtu anasema neno moja tu kuhusu namba tisa wa Coastal Union, timu yetu ya hapa Tanga, basi jioni nzima imeshapata kazi.

Hapa kwetu kubishana ni fani kama fani zingine. Kuna mtu kakaa Tanga miaka kumi, ana gari lake ana nyumba yake, lakin akifungua mdomo barazani watu wanaangalia pembeni. Na kuna fundi baiskeli, hana makuu, akisema tu "jamani ngoja niwaambie" vikombe vinasimama mkononi. Tofauti ya hawa wawili si elimu wala sauti kubwa. Ni kwamba huyu fundi anachokisema kakiona kwa macho yake. Hilo ndo nataka tulishike tangu mwanzo, maoni yako yana uzito sawa na kile ulichokaa ukakitazama mwenyewe, au ukakisikiliza mwenyewe mpaka mwisho, basi.

Mi nililijua hili kwa aibu. Mwaka 2023 fainali ya Ngao ya Jamii ilipigwa hapa hapa kwenye uwanja wa Mkwakwani, tarehe 13 Agosti, Simba na Yanga wakatoka 0-0, wakaenda penati, Simba wakashinda 3-1, kipa Ally Salim akadaka penati tatu. Siku ile mi sikuingia uwanjani, niliona vipande vya sekunde thelathini kwenye simu ya mtu. Kesho yake nikafika kijiweni na mdomo wangu, nikasema yule kipa ni bahati tu, penati ni bahati. Kuna mzee pale tunamwita Babu, ameiona Coastal toka enzi hizo, akaniuliza taratibu kabisa, "Mjukuu wangu, ile ya kwanza aliyodaka alirukia upande gani?" Sikujua. Akaniuliza, "Ulikuwepo?" Nikasema hapana. Hakuongeza neno, akageuka akaomba kahawa, na mimi jioni ile yote sikusema tena. Niliumia sana lakin ndo siku niliyoanza kuangalia mpira kwa makini.

Sasa tuanze na kukaa, maana kijiwe kina wenyewe. Usifike tu ukaanza "Yanga wabovu". Fika, toa salamu, wazee wape shikamoo zao, kaa mwisho wa benchi, agiza kahawa. Vile vikombe ni vidogo, hainywewi kimoja ukaondoka, na ukimlipia na jirani yako cha kwanza umeshaanza vizuri. Afu nyamaza. Siku mbili tatu sikiliza tu ujue nani ni Coastal damu, nani ni African Sports, nani ana timu mbili, maana wengi hapa wana timu ya kaya na timu ya Dar, moyo wa kwanza kwa Wagosi wa Kaya (Coastal) au Wana Kimanumanu (African Sports), wa pili kwa Simba au Yanga, na ikija mechi ya Coastal na hao wakubwa wa Dar ndo utajua mtu yule moyo wake uko wapi kweli, mtazame tu usoni goli likiingia.

Na ujue historia kidogo. Sio lazima ukariri kila kitu ila haya usiyakose. Coastal Union imeanzishwa 1948 na ilichukua ubingwa wa Tanzania 1988, huo mwaka ukitajwa barazani ujue wazee wanakaa vizuri. Afu ule msimu wa 2015/16, timu tatu za mkoa huu, Coastal, African Sports na Mgambo, zote zilishuka daraja kwa mpigo. Zote tatu! Mkoa mzima ukabaki hauna timu ligi kuu mpaka Coastal waliporudi msimu wa 2018/19, msimu huo huo ambao Alikiba alisajiliwa Coastal na watu wakawa wanabishana mpira na muziki kwa wakati mmoja. Kwaiyo ukimtania mtu wa Tanga habari ya kushuka daraja usitegemee acheke. Mimi nina rafiki yangu jirani kabisa, akisikia tu "mnashuka" anainuka anaondoka, na simlaumu.

Haya, mpira wenyewe unautazamaje ili upate cha kusema. Nenda Mkwakwani, kaa mzunguko, zile sehemu za wazi nje ya jukwaa kuu. Jukwaa kuu kuna kivuli na unakaa raha lakin mi naona mzunguko ndo shule, ukipanda juu kidogo unaiona timu yote ilivyojipanga, unaona nafasi iliyoachwa kabla mpira haujafika pale. Babu ndo alinifundisha, siku moja tulienda wote, mechi imeanza tu akaniambia kwa dakika kumi usiangalie mpira. Nikamwambia Babu sasa nitaangalia nini? Akasema muangalie namba sita, yule kiungo mkabaji. Basi nikamkazia macho namba sita, na kwa kweli dakika mbili za kwanza ilikuwa tabu, uwanja mzima unapiga kelele upande mwingine na mimi nimekodolea mtu anayetembea. Lakin baadae nikaona kitu. Kila kabla ya kupokea pasi alikuwa anageuza shingo, kulia, kushoto, afu ndo mpira unamfikia na tayari anajua anaupeleka wapi, mguso mmoja tu umeondoka. Na ile mara moja ambayo hakugeuza shingo alinyang'anywa, kikawa kona. Watu wakamtukana beki. Mi nikajua kosa limeanzia wapi, na jioni yake kijiweni nikasema, ile kona imetoka kwa namba sita hakuangalia nyuma, Babu akatikisa kichwa kukubali, na hicho kichwa kilikuwa tamu kuliko goli.

Kwaiyo chagua mtu mmoja kila mechi. Leo namba sita, kesho namba tatu, akipanda kushambulia nani anamzibia nyuma, anarudi kwa kukimbia au kwa kutembea. Siku nyingine tazama kipa wakati mpira uko mbali, anasimama wapi, anaongea na mabeki au kakaa kimya. Ukitoka pale una kitu chako ambacho hamna mchambuzi wa redioni atakusemea. Na kama mechi ni ya ugenini ukaitazama kwenye banda au nyumbani kwenye kisimbuzi sio mbaya, ila kumbuka kamera inafuata mpira, yale ya nyuma huyaoni, basi usiyasemee.

Afu uwe na msimamo, usiwe mtu wa "wote wazuri". Mimi wangu ni huu, mechi niliyoona Coastal wameipigania kuliko zote miaka ya karibuni ni ile fainali ya kombe la shirikisho tarehe 2 Julai 2022, Sheikh Amri Abeid Arusha, na Yanga. Ikaisha 3-3, Abdul Suleiman Sopu kafunga yote matatu peke yake, tukaenda penati tukafungwa 4-1. Watu wa Dar wanakumbuka kombe lao, mi nakumbuka mtoto kafunga matatu kwenye fainali na karudi bila kombe. Na baada ya pale akaenda Azam, kama vile Bakari Mwamnyeto alivyoenda Yanga 2020, na kocha Juma Mgunda akaenda Simba 2022. Hapo ndo ubishi wetu mkubwa ulipo, kuna wanaosema Tanga inalea Dar inavuna, kuna wanaosema hiyo ni sifa. Mi nasema ni sifa lakin iwe sifa yenye hesabu, mchezaji akiuzwa watoto wa Makorora na Mikanjuni wapate mipira na kocha wa kuwafundisha, hapo sitanung'unika hata wakichukua kumi kwa mwaka.

Tuje kwenye muziki. Hapa ndo vijana wengi wanaumbuka, kwasababu wanadhani kubishana muziki ni kutaja nani anatazamwa sana. Kijiweni Tanga hiyo haiuziki. Utaulizwa, wimbo unasemaje?

Ujue umekaa kwenye mji gani. Black Star na Lucky Star ni za hapa, hivi vikundi ndo vilivyotia magitaa na besi kwenye taarabu, badala ya ile orkestra kubwa ya Unguja yenye fidla nyingi na kanuni (kile chombo cha nyuzi nyingi), huku kikawa kikundi kidogo, mdundo unachezeka, na sauti ya muimbaji iko mbele kabisa. Marehemu Bi Shakila wa Pangani alipitia huko, na mi nasema kwa moyo wote sijasikia sauti ya kike pwani hii inayonituliza kama ile. Upande wa dansi tulikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, za Tanga zote. Na kwenye kuchana, yaani rap, tuna Wagosi wa Kaya, Mkoloni na Dokta John, wamechukua jina lile lile la timu na lafudhi ya kwetu wakasema matatizo ya wananchi bila kuogopa, tuna Roma, tuna MwanaFA ambaye Muheza wakampeleka bungeni 2020. Mtu akikwambia Tanga imelala kimuziki mpe hiyo orodha taratibu bila kupandisha sauti.

Sasa namna ya kusikiliza. Taarabu usiisikilize unaendesha bajaji. Bibi yangu alikuwa ananiambia kaa, zima hilo jiko, sikiliza. Wimbo mmoja tulikuwa tunausikiliza mara tatu. Mara ya kwanza sauti tu. Mara ya pili maneno, na hapo ananiambia nihesabu mizani kwa vidole, nane huku nane kule, ili nijue kuwa huyu aliyetunga amekaa chini akapima, hakuropoka. Mara ya tatu ndo fumbo. Nakumbuka kuna mmoja ulikuwa unazungumzia mti na matunda, mi nikamwambia bibi wimbo mzuri unasifia shamba, akanitazama muda, akasema "mwanangu, huyu analia kaibiwa mume". Nikaurudia na kweli kila mstari ukafunguka, ule mti, yule mpita njia, ule ua. Toka siku hiyo sijawahi kusema wimbo wa taarabu ni mbaya kabla sijausikiliza mara tatu, na nakushauri na wewe, maana mara ya kwanza huwa hujausikia bado.

Dansi nayo ina siri yake, shika gitaa moja. Watu wote wanafuata solo kwasababu ndo linalia juu, wewe jaribu kufuata lile la ridhim mpaka mwisho wa wimbo, linavyojirudia rudia halichoki, afu wimbo mwingine fuata besi. Utashangaa wimbo ulioujua miaka yote unakuwa mpya. Nikifanya hivyo na zile za Jamhuri naona kama nimeingia ukumbini wenyewe wakipiga.

Bongo Fleva ya sasa mi naisikiliza na naipenda, sio wale wa kusema zamani tu ndo kulikuwa na muziki. Ila nina dai moja, biti nyingi sasa zinafanana, mdundo wa Afrika Kusini umeingia kila wimbo, ukiondoa sauti huwezi kujua huyu ni nani. Ukitaka kulisema hili kijiweni usiseme kwa ujumla, vijana watakurukia na haki yao. Chukua nyimbo tatu, weka kwenye simu, piga sekunde ishirini za mwanzo kila mmoja kabla muimbaji hajaingia, waulize huyu nani? Wakikosea ndo useme. Wakipatia, kubali. Mi niliwahi kufanya hivyo na dogo mmoja wa Chumbageni akapatia zote tatu na akaeleza na produza ni nani na anamjuaje kwa ngoma zake, nikamnunulia kahawa na kashata na nikarudi nyumbani kuzisikiliza upya.

Kwenye muvi mi sina maneno mengi, ila nina mawili matatu. Wazee watakuhadithia Majestic na filamu za Kihindi, foleni, watu wamevaa nguo za sikukuu, waache wahadithie mpaka mwisho usiwakatishe. Sisi wengine tumekulia kwenye mabanda ya video, mabenchi ya mbao, joto, kibanda umiza chenyewe, na sauti ya Lufufu au DJ Mack inatafsiri mpaka unasahau kuwa yule stelingi anaongea Kichina. Mi nawaheshimu sana wale watafsiri, ni wasanii kamili. Lakin kama unataka kuja kubishana kuhusu muvi itazame mara mbili, mara moja ya kutafsiriwa na mara moja yenyewe na sauti yake, kwasababu mtafsiri anaongeza utamu wake, anaweza kukupa maneno ambayo hayapo kabisa, na wewe ukaja kumsifia muandishi kwa maneno ya DJ.

Bongo Movie ndo inanigusa. Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012 mtaani kwetu watu walilia kama msiba wa nyumba ya pili, na mpaka leo mtu akisema muvi zetu zimekufa na Kanumba utaona vichwa vinakubali. Mi nakataa. Kilichoumiza ni CD za kunakili, muvi inatoka asubuhi mchana ishachomwa kila kona, mwenye kazi hapati kitu, na baadae watu wakahamia kwenye tamthilia za kwenye runinga. Waigizaji wapo. Shida ninayoiona ni kusikia, muvi ina picha nzuri afu sauti unasikia feni na pikipiki kuliko maneno, na mtu analia dakika nne bila kamera kusogea. Ukitaka kumshawishi mtu usimwambie "muvi mbovu", mwambie sini gani. Sema pale mama anapofungua barua, mbona hatukuiona barua? Hapo mmeanza kuongea.

Basi sasa uko kijiweni, umeshaona, umeshasikiliza, unabishanaje? Anza na mechi au wimbo mmoja, sio "siku zote". Neno "siku zote" linakufunga kamba shingoni, mtu akileta mfano mmoja tu wa tofauti umekwisha. Sema nilichokiona mimi, halafu kitaje na dakika yake kama unaikumbuka. Mwenzio akiongea muache amalize hata kama anakosea, mzee akianza na "mwaka ule" muachie kabisa. Ukipigwa kwa hoja sema "hapo umenipata mgosi", hilo neno linakupa heshima kubwa, na kesho yake ukiwa na hoja yeye ndo wa kwanza kukutetea. Matusi ya mama wa mtu, kabila la mtu, sijui sura ya mchezaji, hayo hapana, nimeona undugu wa miaka ishirini unavunjika kwa neno moja juu ya mama. Na pesa isiingie, mambo ya mkeka wa kubeti yakianza pale benchi ule sio ubishi tena, mtu hatetei anachokiona anatetea elfu mbili yake, ataapa offsaidi sio offsaidi.

Na usipoona sema hujaona. Hii ndo ngumu kuliko zote, mi mpaka leo inanipa shida, mdomo unawasha, wote wanaongelea goli na wewe ulikuwa kazini. Sema tu "sikuitazama, nielezeni". Utashangaa watu wanavyopenda kumuelezea mtu, mmoja atachora uwanja kwa kidole kwenye vumbi, mwingine ataweka vikombe, hiki beki, hiki kipa, na wewe unajifunza bure.

Ikiadhiniwa isha ubishi unakatika pale pale hata kama ulikuwa katikati ya neno, vikombe vinarudi kwenye ndoo, muuza kahawa anahesabu, wenye kwenda msikitini wanaenda na wenye baiskeli wanadandia. Kesho unaanzia ulipoishia. Jana sisi tumeachia kwenye namba mbili wa Coastal, mi nasema anapanda sana anaacha mlango wazi, Babu anasema ametumwa na kocha, mwenye kosa ni winga wake harudi kumsaidia. Hatujaelewana. Mechi ijayo nyumbani nitakaa mzunguko upande huo huo wa namba mbili, nimtazame winga dakika tisini.